Masomo ya Maendeleo, Mipango au Maendeleo ya Jamii: Ujaze Kozi Ipi?

Kila mwaka kuanzia Julai ofisi yetu ya halmashauri hupokea wanafunzi wa fildi. Wanashuka kwenye basi na barua ya chuo mkononi na begi moja mgongoni, na wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kufika kusini mwa Tanzania. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, na kazi ya kuwapangia vijiji iko mezani kwangu. Ukiwauliza wanasomea nini, neno "maendeleo" halikosi kwenye jibu. Huyu anasoma masomo ya maendeleo, yule mipango ya maendeleo, mwingine maendeleo ya jamii. Wazazi wao, na mara nyingi wao wenyewe, wanaamini ni kozi moja iliyopewa majina matatu na vyuo vitatu.

Si kozi moja. Nimekaa na wanafunzi wa kozi zote tatu, nimesoma ripoti zao, nimewaona wakisimama mbele ya wanakijiji. Ninaandika haya kwa ajili ya kijana aliyemaliza kidato cha sita na sasa anajaza maombi ya chuo, na kwa mzazi aliyeketi naye pembeni akiuliza, "Hii itampa kazi?"

Pampu moja, wanafunzi watatu

Nianze na kisa kimoja, maana kinaonyesha tofauti vizuri kuliko mtaala wowote. Mwaka mmoja nilipata wanafunzi watatu kwa mkupuo, kila mmoja na kozi yake, nikawapeleka kijiji kimoja. Kijiji kile kilikuwa na visima vitatu vya pampu ya mkono, na viwili vilikuwa vimekufa. Akina mama walikuwa wanapanga foleni kwenye kisima kimoja tangu alfajiri.

Kijana wa masomo ya maendeleo alianzia ofisini. Aliomba mafaili ya zamani, akakaa nayo siku mbili. Alitaka kujua kwa nini kijiji kimoja kina pampu za aina mbili zisizoingiliana vipuri. Akagundua kwamba ile ya zamani ilikuwa Nira, aina iliyoenea Lindi na Mtwara kupitia mradi wa maji uliofadhiliwa na Finland tangu miaka ya 1970. Nyingine zilikuwa Afridev, zilizoletwa na mfadhili mwingine miaka mingi baadaye. Nani aliamua? Kijiji kiliulizwa? Mafundi waliofunzwa pampu ya kwanza walikwenda wapi? Aliandika kurasa sita ambazo hata mimi, niliyefanya kazi pale miaka yote ile, zilinifundisha kitu. Lakini alipozisoma kwenye kikao, mwenyekiti wa kijiji alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kwa upole, "Sasa mjukuu wangu, kesho asubuhi tufanye nini?" Kijana hakuwa na jibu.

Binti wa mipango alikuwa na jibu. Alihesabu kaya, akauliza bei ya vipuri na nauli ya fundi, akagawanya. Akaonyesha kwamba kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, pampu ya kwanza itafufuka katika miezi mitatu na mfuko wa matengenezo utakuwa umeanza. Jedwali lake lilikaa kwenye ukurasa mmoja, safi, na mtendaji wa kijiji akalibandika kwenye ubao wa matangazo siku ileile. Wiki mbili zikapita. Waliochanga walikuwa wachache mno.

Wa tatu, binti wa maendeleo ya jamii, aliazima ndoo kwa mwenyeji wake akaenda kisimani saa kumi na moja alfajiri. Hakubeba daftari. Alipanga foleni kama wengine, akateka maji, akamtwisha bibi mmoja ndoo yake, akarudi tena kesho yake. Siku ya tatu wakamwambia: "Hatutoi kwa sababu hela tuliyotoa mwaka juzi hatujasomewa." Kumbe kamati iliyopita ilikusanya michango na hakuna aliyewahi kueleza ilikoishia. Mapato na matumizi ya kijiji yanatakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na pale hayakuwa yamesomwa kwa muda mrefu. Binti akaketi na akina mama chini ya mkorosho, wakakubaliana watakachosema, kisha akamfuata mwenyekiti: "Shikamoo babu, naomba mkutano." Mkutano ukafanyika, hesabu zikasomwa kwa sauti, mtunza hazina akabadilishwa. Michango ikaanza kuingia kwa kufuata lile jedwali la mwenzake. Na zile kurasa sita za kijana wa kwanza niliwapelekea watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, ili tusiletewe pampu ya aina ya tatu.

Kila mmoja aliona kitu ambacho wenzake hawakukiona, na ndivyo kozi zao zilivyowafundisha kutazama.

Masomo ya maendeleo: kuuliza kwa nini

Kozi hii ina historia nzito hapa nchini. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, na swali la msomi anamtumikia nani likawa la taifa zima. Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa akifundisha historia kwenye chuo hichohicho, tunachokiita Mlimani, mpaka 1974. Issa Shivji alisoma sheria palepale, kisha akaifundisha. Mwaka 1973 ikaanzishwa taasisi ya taaluma za maendeleo, na hadi leo mwanafunzi wa Mlimani, hata awe wa uhandisi, hamalizi chuo bila kupita kwenye somo analoliita DS, yaani Development Studies.

Ukiisoma kama shahada kamili, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dodoma, utakutana na ukoloni na uchumi wake, nadharia za utegemezi, ardhi, jinsia, madeni ya nchi, uhamiaji, mabadiliko ya tabianchi. Utajifunza kwa nini pato la taifa linaweza kupanda huku mama wa Liwale akiwa bado anatembea saa mbili kwenda zahanati. Utajifunza kwa nini mwaka 1990 mchumi Mahbub ul Haq na wenzake ndani ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa kipimo kipya kinachoangalia umri wa kuishi, elimu na kipato kwa pamoja badala ya fedha peke yake. Kwa mtu anayependa kusoma na kubishana kwa hoja, miaka hii mitatu inanoga. Mimi iliniondolea dhana niliyokua nayo kwamba maskini ni maskini kwa sababu hajitumi, na hilo naishukuru mpaka leo.

Ila niseme na upande wa pili, maana shahada yangu ya kwanza ndiyo hii. Nilihitimu na alama nzuri. Kwenye usaili wangu wa kwanza nilipewa orodha ya vijiji 40 na kuambiwa nionyeshe nitakavyochagua vya kufanyia utafiti, kaya ngapi kila kijiji, na kwa nini. Nilijua kueleza historia ya dhana ya umaskini kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kuchagua sampuli sikuweza. Chuoni somo la takwimu lilifundishwa muhula mmoja, darasa limefurika, mazoezi hakuna, nami nililipita kwa kukariri. Nilitoka kwenye chumba kile nikiwa na uchungu, na miaka miwili iliyofuata nilijifunza kwa kuokoteza yale niliyopaswa kufundishwa.

Kuna jambo jipya pia. Kwa miaka mingi wahitimu wa kozi hii walielekea kwenye mashirika yanayotegemea wafadhili wa nje. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Uingereza nayo ilitangaza kushusha misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Nimewaona wenzangu wa miradi ya afya wakirudisha magari na kompyuta na kuaga. Anayechagua kozi hii leo kwa kutegemea ajira ya mradi wa mfadhili ajue kwamba mlango ule umekuwa mwembamba sana.

Mipango: kuhesabu na kupanga

Mwaka 1972 serikali ilipeleka madaraka mikoani, na ghafla kila mkoa ukatakiwa kuwa na mpango wake. Wafadhili wakagawana mikoa: Ujerumani Magharibi ikashika Tanga, Benki ya Dunia ikaingia Kigoma, na wengine kwingineko. Mipango mingi iliandikwa na wataalamu wa kigeni. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, nchi ikiwa na kiu ya kuwa na wapangaji wake wenyewe. Siku hizi kina tawi Mwanza.

Hapa utashika takwimu, bajeti, andiko la mradi, ramani, idadi ya watu, mazingira, ufuatiliaji na tathmini. Utapelekwa vijijini kufanya zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambalo halmashauri hulitumia kuibua miradi kutoka kwa wananchi. Utajua kutumia takwimu za Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, kuamua kata ipi inahitaji shule mpya na ipi inahitaji walimu tu.

Nikipewa nafasi ya kumchukua mwanafunzi mmoja tu kwa wiki nane, na nina ripoti ya kumaliza, nitaomba wa mipango. Anafika akiwa tayari ameshika zana. Udhaifu wake nao naujua: anaweza kuamini jedwali kuliko macho yake. Wapo wanaojaza fomu za "vipaumbele vya wananchi" wakiwa wamekaa na mtendaji na wanaume watano, halafu wanaandika kwamba kijiji kimeshirikishwa.

Ajira yake iko serikalini, kwenye benki, kwenye kampuni za utafiti na ushauri. Tatizo ni kwamba halmashauri moja haihitaji maafisa mipango wengi, hivyo ushindani ni mkali.

Maendeleo ya jamii: kukaa na watu

Watu huidharau kozi hii. Nimesikia mzazi akisema, "Umesoma miaka yote hiyo ukaitishe mikutano?" Inaniuma, kwa sababu kuitisha mkutano ambao watu watasema ukweli ni utaalamu kamili, na wengi wenye shahada kubwa hawauwezi.

Tengeru, kule Arusha, ndiyo jina linalojulikana zaidi, na chuo hicho kinatoa mafunzo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Utamaduni wa kazi hii ni wa vikundi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Haikufanywa na maprofesa. Ilifanywa na viongozi wa vikundi waliofundishwa namna ya kuuliza swali na kunyamaza ili mwingine ajibu.

Leo kazi ni hii: kusajili na kulea vikundi, kusimamia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu), kushughulikia ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kusaidiana na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na kipindi chote kile wanaodaiwa na wanaosubiri walikuwa wanakuja kwangu, si kwa mtu wa wizarani. Ukichagua kozi hii, ujue utakuwa uso wa serikali mbele ya mama aliyenyimwa mkopo. Utafanya kazi kwenye kata isiyo na lami, pengine bila pikipiki ya ofisi. Utasikiliza mambo ya ndani ya nyumba za watu usiyoweza kumsimulia mtu yeyote.

Faida yake kubwa ni mbili. Muundo wa serikali unamhitaji afisa maendeleo ya jamii mpaka ngazi ya kata, kwa hiyo nafasi zinapotangazwa huwa nyingi kuliko za mipango, ingawa kusubiri kunaweza kuchukua miaka. Pili, unaweza kuanzia chini. Mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne anaanza na astashahada, anapanda stashahada, kisha shahada. Mipango nao wana ngazi hizohizo. Kwa kijana ambaye kidato cha sita hakikumwendea vizuri, huu ni mlango wa kweli, na nimefanya kazi na maafisa hodari waliopita humo.

Sosholojia sitaizungumzia sana. Ipo kati ya kozi ya kwanza na ya tatu: inakupa nadharia ya jamii na mbinu za utafiti, na matangazo mengi ya kazi za maendeleo ya jamii huitaja. Kama chuo ulichopata kina sosholojia yenye wahadhiri wazuri wa utafiti, usiikatae kwa sababu tu haina neno "maendeleo" kwenye jina.

Masharti, kabla hujalipa ada ya maombi

Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mwenye kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi nne, yaani D mbili zinatosha kufungua mlango. Kwa mwenye stashahada ni wastani wa 3.0. Lakini kila kozi huongeza yake. Za mipango zenye uchumi ndani yake mara nyingi zinadai hesabu, hata kama ni ya kidato cha nne. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hutoka kila mwaka na unaonyesha kozi ya kila chuo na masharti yake. Usome wa mwaka huu, si ule aliokutumia kaka yako. Kisha fungua matangazo ya zamani ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta kazi unayoitaka, uangalie majina ya shahada yaliyotajwa. Nimemwona binti mwenye uwezo akikataliwa kwa sababu jina la shahada yake halikuwemo kwenye tangazo, na hakuna rufaa iliyomsaidia.

Na kwenda nje?

Kwa shahada ya kwanza, kusoma maendeleo ya Afrika ukiwa mbali na Afrika kwa gharama ya familia sioni faida yake. Kwa uzamili ni tofauti. Nairobi ipo karibu, na taasisi yake ya maendeleo ni ya mwaka 1965. Kenya ndiko ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani wa 1972 ulikotoa ripoti iliyoilazimisha dunia kuwaona mafundi wa jua kali kama wazalishaji wanaostahili kuhesabiwa. Makerere, kwenye taasisi yake ya utafiti wa jamii, kuna uzamivu unaoanza na masomo mazito ya darasani, uliojengwa chini ya Mahmood Mamdani. Huo ni wa mtu anayetaka kuwa mwanazuoni hasa.

Ulaya, majina makubwa ni Sussex nchini Uingereza, taasisi ya mwaka 1966, na ISS ya Den Haag, Uholanzi, iliyoanza 1952. Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja tu, na ufadhili upo: Chevening inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na urudi nyumbani baada ya masomo, na Jumuiya ya Madola ina ufadhili wake. Mwenzangu aliyekwenda baada ya kufanya kazi kata tatu alirudi na maswali makali, kwa sababu alikwenda na maswali yake mwenyewe.

Mimi ningemshauri nini mdogo wangu

Mdogo wangu wa kike aliniuliza hivi mwaka jana, na nilimwambia wazi: anza na mipango au maendeleo ya jamii, fanya kazi miaka miwili au mitatu, ndipo usome masomo ya maendeleo kwenye uzamili. Zile nadharia zinaingia akilini kwa namna nyingine kabisa ukiwa umeshasimama kwenye kisima kilichokufa. Kati ya hizo mbili, mwenye kupenda hesabu na ramani aende mipango. Mwenye kusikiliza, anayeweza kukaa saa tatu na wazee bila kutazama simu, aende maendeleo ya jamii.

Kama moyo wako uko kwenye masomo ya maendeleo tangu sasa, usome, lakini usisubiri chuo kikupe mikono. Jifunze STATA au SPSS, programu za takwimu, mwaka wa kwanza. QGIS, ya kuchora ramani, ni ya bure, na KoboToolbox, ya kukusanyia takwimu, unaweza kuijaribu kwenye simu yako leo kwa kutengeneza dodoso la maswali kumi. Fildi yako usiifanyie mjini kwa shangazi.

Na kama bado hujui uko upande gani, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji chako, uliza mkutano wa wananchi ni lini, ukae nyuma mpaka uishe. Ukirudi nyumbani andika ukurasa mmoja wa ulichokiona, kabla hujaongea na mtu. Binti yule wa ndoo niliwahi kumwomba afanye hivyo siku yake ya kwanza kwetu. Ukurasa wake wote ulikuwa majina ya wanawake waliokuwepo na hawakusema neno.